Bilioni za mfukoni mwa Rais

Jana saa mbili usiku nilikuwa nimekaa na baba, runinga mbele yetu. Habari ya kwanza: Rais atoa mabilioni kujenga shule. Ya pili: wananchi wamshukuru Rais kwa shule. Ya tatu: mkuu wa wilaya awasihi wananchi wazidi kumshukuru. Baba, mwalimu mstaafu, akashusha miwani: "Hivi hizo hela katoa kwenye mkoba wake?"

Nilicheka. Baadaye kitandani nikaanza kuwaka.

Hilo neno "atoa" ndilo linalonikera. Ndugu zangu waandishi, Rais hatoi. Inayotoa ni Hazina, kutoka kwenye kodi zetu na mikopo watakayolipa wajukuu. Chukueni madarasa ya UVIKO, yale ya fedha za korona. Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilitukopesha Watanzania kama shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Kazi nzuri, sibishi. Mpwa wangu anasomea humo. Lakini kwenye habari yalikuwa madarasa ya Mama, yaani Rais Samia, Mama anaupiga mwingi, hadi vyoo vya shule vikapigiwa makofi. Neno "mkopo" ulilitafuta kwa tochi. Desemba ya mwaka huohuo Spika wa Bunge, Job Ndugai, akasema ipo siku nchi itapigwa mnada kwa madeni. Nikasubiri mchambue: tunadaiwa kiasi gani, kwa riba ipi, tutamaliza lini? Thubutu! Ikawa nani kamkosea nani, kaomba radhi vipi, 2025 nani anautaka urais. Tarehe 6 Januari 2022 Ndugai akajiuzulu, na swali la deni likaondoka naye. Yaani hela zikiingia ni za Rais, deni likitajwa ni ugomvi wa wanasiasa.

Na msiniambie hamkudanganya. Najua. Yote yaliyosomwa jana huenda ni kweli. Ambalo halikusomwa ni kwamba mtaani kwetu bomba halijatoa maji wiki ya tatu, na mradi huo ulizinduliwa kwa mbwembwe. Nakumbuka kamera ilivyoganda kwenye mkasi, juu ya kisahani chenye kitambaa chekundu. Mkasi tuliuona vizuri sana. Kuja kuangalia bomba, hakuna aliyerudi.

Haya, kwa shingo upande: mhariri naye ana watoto. Gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 mwaka 2017 kwa kuwagusa marais wastaafu kwenye sakata la makinikia, ule mchanga wa madini. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la chama tawala CCM chenyewe, lilisimamishwa siku 14 kwa kichwa cha habari kuhusu Rais na urais wa 2025. Kama mtoto wa nyumbani anachapwa hivyo, wa jirani je? Leseni ya Mawio na magazeti mengine yaliyofungiwa ilirudishwa Februari 2022, Rais apewe haki yake hapo. Ila kuiandika Hazina mahali pa Rais, hilo nalo linahitaji leseni?

Leo asubuhi baba kanikumbusha king'amuzi kinaisha kesho. Nimelipia mwenyewe. Nasubiri saa mbili nisikie ni nani aliyetoa.