Kaburi la Chifu

Ndege inayotoka kisiwa cha Westray kwenda Papa Westray, huko Orkney kaskazini mwa Uskoti, hukaa hewani kama dakika mbili, na upepo ukiwa mzuri haimalizi hata moja. Ndiyo safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani. Nilifunga mkanda, nikakohoa, tukatua. Nadhani akili yangu ilibaki Westray.

Nasoma uhasibu Aberdeen. Lakini asubuhi ile ya Juni nilikwenda kuona Knap of Howar, nyumba mbili za mawe zilizobanana ukingoni mwa bahari, zilizokaliwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla piramidi za Giza hazijajengwa. Nikaambiwa zilikuwa zimefukiwa mchangani mpaka bahari na upepo vilipozifichua, ndipo wakazichimba miaka ya 1930. Hapo kichwa kikavimba. Ikiwa upepo umevumbua, mhasibu ashindwe na nini?

Mchana nikatoroka peke yangu kuelekea kaskazini, kwenye nyika isiyo na mti hata wa dawa. Nikakuta ukuta wa duara, mawe yamepangwa bila saruji, unanifika kifuani, upana hatua nne. Mlango hakuna. Nyumba isiyo na mlango ni ya nani? Ya maiti. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Nimevumbua kaburi la chifu wa Zama za Mawe." Shangazi akaandika "Haleluya". Binamu akauliza kama kuna dhahabu. Baba, aliye Machakos na ng'ombe wake, akaandika: "Hilo ni zizi."

Sikumjibu. Msomi hubishana na wasomi wenzake.

Nikapanda ukuta, nikashuka ndani, nikavua kofia kumpa marehemu heshima zake. Kumbe pale mawe yalipobomoka ndege alikuwa amelalia yai: mweupe, mgongo wa kijivu, upole wote kama njiwa wa kanisani. Kwa Kiingereza huitwa fulmar. Akanitazama. Akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza njia. Yakatoka mafuta ya rangi ya chungwa, yakanipata kuanzia utosini hadi kwenye kola. Ndiyo silaha yake. Huyaweka tumboni akimsubiri mjinga. Harufu? Chukua omena waliooza, walaze juani kwenye gunia, kisha livae gunia hilo kichwani mwako. Kutoka mle ndani sikukumbuka kupanda ukuta. Nilijikuta nje tu.

Na nje alikuwepo mzee mmoja na kondoo wake, ameshika magoti kwa kicheko. Nikamweleza, kwa hadhi yote iliyosalia, kwamba nachunguza kaburi.

"Kaburi?" akasema. "Kijana, bibi yangu alikuwa akioteshea miche humo."

Mbegu humwagwa ndani, ukuta unazuia upepo na kondoo, miche ikipata nguvu inahamishiwa shambani. Mlango haupo kwa sababu kondoo hana ngazi. Nikauliza ni miche ya nini. Akanitajia mboga ambayo kwao huandikwa "kale". Kwa hiyo sikukosea sana, mambo yalikuwa ya kale kweli. Ila kale yao ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Nimetoka Machakos mpaka mwisho wa Uskoti kwenda kuivulia kofia sukuma wiki.

Jioni hiyo ile safari ya dakika mbili ningeilipia mara tatu, lakini ndege ilikuwa inaenda moja kwa moja Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, na ina viti vinane. Hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wanashikilia pumzi.

Usiku, baada ya kuoga mara nne, nikamwandikia baba ukweli wote: kitalu cha mboga, kondoo wakizuiwa nje.

Akajibu: "Kwa hiyo nilikosea upande wa ukuta tu."