Uso wa Bosi Kikaoni

Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi palikuwa na sanduku la maoni mlangoni. La mbao, limepigwa vanishi, na juu yake maandishi: "Wazo lako ni mtaji wetu." Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Nilipouliza ufunguo anao nani, mhudumu wa mapokezi alicheka hadi akafuta machozi.

Nalikumbuka sanduku lile kila ninaposikia mkurugenzi anatangaza kwamba mwaka huu taasisi yake ni ya ubunifu. Kauli mbiu itachapwa, fulana zitagawiwa, semina itafanyika hotelini. Mimi husubiri kikao cha kwanza baada ya semina. Pale mtu wa chini anaposema, "Mkuu, hili tulilojaribu limegoma," namtazama mkuu usoni. Kila aliyemo chumbani anafanya hivyo hivyo, na anachokisoma pale ndicho atakachokifuata, fulana hata iandikwe nini.

Kisa cha Ford ndicho kilichonitia imani hiyo. Mwaka 2006 Alan Mulally alitoka Boeing, waunda ndege, kwenda kuiongoza Ford, kampuni ya magari ya Marekani iliyofunga mwaka huo kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Akaanzisha kikao cha kila wiki, kila mkuu wa idara aje na chati zenye rangi. Kijani, mambo shwari, njano, kuna dosari, nyekundu, tumekwama. Wiki zikapita, chati zote kijani. Mabilioni yanateketea na kila kitu ni kijani! Wakubwa wale walikuwa na macho. Ila walilelewa katika kampuni ambayo anayekiri tatizo hugeuka yeye kuwa tatizo. Hatimaye Mark Fields, aliyesimamia biashara ya Ford katika bara la Amerika, akaja na nyekundu: uzinduzi wa gari jipya, Edge, ulikuwa umekwama kwa hitilafu. Chumba kikawa kimya. Wenzake wakajua kibarua kimeota nyasi. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani ana la kumsaidia. Katika vikao vilivyofuata rangi zikaanza kuchanganyika. Fields hakufukuzwa, mwaka 2014 ndiye aliyekalia kiti cha Mulally mwenyewe.

Utasema hilo ni suala la ukweli, ubunifu uko wapi? Kitu kipya hupita kwenye nyekundu mara nyingi kabla hakijaiona kijani. Mahali nyekundu inapofichwa, majaribio nayo yanafichwa, au hayafanyiki kabisa.

Makofi hayatoshi, lakini. Wazo linataka fedha na mtu wa kulikinga. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, kampuni iliyoishi kwa kuuza filamu za kupigia picha, aliunda kamera ya kidijitali yenye uzito wa kilo 3.6 hivi, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni ikapewa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi huo, mwaka 1978. Ila mishahara ya wote ilitoka kwenye filamu, na sijui mkuu gani wa idara ya filamu angekata bajeti yake ili alishe kitu kitakachokuja kumla. Uamuzi wa namna hiyo ni wa kiti cha juu kabisa. Ukiuteremsha kwenye kamati, umeuzika. Januari 2012 Kodak ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

Nisijifanye mtakatifu. Nilipopewa timu yangu ya kwanza, kijana mmoja alikuja mezani na karatasi aliyoichora kwa penseli: namna ya kupunguza fomu tano tulizokuwa tunajaza zibaki mbili. Nilikuwa najibu ujumbe kwenye simu. "Hilo tulishalijaribu," nikamwambia bila kuinua macho. Wala hatukuwa tumelijaribu. Nilitaka tu amalize aende. Akaikunja karatasi mara mbili, akasema asante.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimetoka kwenye semina ya ubunifu (ndiyo, na fulana nilivaa), nilimfuata nikamuuliza kama ana wazo lolote jipya. Akanitazama usoni kidogo, kisha akarudi kwenye kompyuta yake.

"Hapana, bosi. Mambo shwari."