Zawadi ya Baba Mkwe

Kuchagua samaki wa kukaa tangi moja ni kama kupanga meza za harusi: nani akae na nani, na nani wasionane kabisa. Mimi hilo nililifanya kwa umakini mpaka mke wangu akauliza kama nimeshaanza kuwapenda kuliko yeye.

Maji ya kisima chetu hapa Mbagala ni magumu, yana chumvichumvi, sabuni inakataa kutoa povu. Nilikuwa nimewatamani tetra neoni, wale wa mstari wa buluu unaowaka, lakini muuza samaki wa mapambo akanikata kauli. "Hao kwao Amazoni, bosi. Wamezoea maji laini. Kwako hawafiki Ijumaa." Mbuna wa Ziwa Nyasa je? Maji yangu wangeyafurahia, ila ni wakorofi. Kila mmoja ana jiwe lake, na ukilikaribia ni vita. Samaki wa dhahabu anapenda maji ya baridi, na Dar baridi tunaisikia kwenye redio. Tukabaki na gapi na moli. Wapole, maji magumu hayawasumbui, tena hawatagi, wanazaa watoto hai.

Wakati ananirudishia chenji akaongeza: "Rangi isikudanganye, angalia mdomo. Samaki akienea mdomoni mwa mwenzake, huyo si jirani. Ni kitoweo."

Tangi la lita 80 likakaa majuma kadhaa bila samaki hata mmoja, ili bakteria wa kushughulikia amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, waote kwenye chujio. Majirani waliochungulia dirishani wakatangaza mtaani kwamba nafuga maji. Hatimaye gapi wakaingia, kisha moli weusi. Amani tupu.

Ndipo baba mkwe akashuka kituo cha Rangi Tatu akitokea Ikwiriri, Rufiji, na ndoo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alilitazama tangi kwa muda mrefu. "Hawa mnawala lini?"

"Hawaliwi, baba. Ni wa kutazama tu."

Akamgeukia binti yake, akamtazama kwa huruma ambayo sijaisahau mpaka leo. Kisha akafungua ndoo. Ndani alikuwamo kambale wa Rufiji, shibiri na ushee, masharubu yanapepea.

"Nimewaletea mkubwa wa kuwaangalia hawa watoto," akasema, na kabla sijatia neno alishafunua mfuniko na kummimina tangini, yeye na maji yake na tope lake.

Mkwe wako amesafiri na ndoo mapajani kutoka Rufiji. Utamwambia nini kuhusu upana wa mdomo wa zawadi yake? Nikasema, "Asante sana, baba." Kambale akalala chini, ametulia, mcha Mungu kabisa. Lakini kambale ni mtu wa usiku.

Alfajiri umeme ulikuwa umekatika. Baba mkwe akaamka kwenda kutawadha. Kilichofuata ni kopo kuanguka na sauti iliyoamsha nyumba tatu:

"Nyoka! Nyoka bafuni!"

Akatoka mbio, kanzu imepandishwa magotini, kandambili moja mguuni. Nikaingia na fagio na tochi ya simu. Nyuma ya beseni, yakatokea masharubu.

Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, na sakafu ikiwa na umajimaji anajikokota bila shida. Huyu alitoka kwenye tangi lililoachwa wazi, akapita sebuleni, akakata kona ya ukumbi hadi bafuni. Njia yote ameiandika kwa utelezi. Nilimkosa, nikaanguka, nikamkosa tena. Mwishowe mke wangu akamfunika kwa beseni, akatutazama sisi wanaume wawili bila kusema kitu.

Tulipomrudisha tangini ndipo tukaona. Gapi hata wa dawa hakuna. Moli mmoja alikuwa amejibana nyuma ya chujio, amekonda kwa mawazo. Tumbo la kambale lilikuwa limetuna vizuri.

"Umeona?" akasema baba mkwe, pumzi zimemrudia. "Samaki wa kwetu hafi ovyo."

Watoto wakampa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa amekula vyote na bado tunasogea kumsalimia. Juu ya mfuniko sasa kuna tofali. Mchana ule jirani akachungulia dirishani, akaguna.

"Huyo mnamchinja lini?"

Baba mkwe akajibu kutoka kitini, kwa ukali: "Huyo haliwi. Ni wa kutazama tu."