Nimetoka Boxer, nimeingia boksa

Nikiwa na miaka 27 nilitoka Dar mpaka Iringa kwa pikipiki ya cc 125. Mzigo wangu wote ulikuwa mfuko wa rambo niliofunga kwenye keria kwa mpira: shati, mswaki na kipande cha muhogo. Mlima Kitonga niliupanda naimba. Kiuno nilikuwa nacho, ila sikujua kama kipo.

Sasa nina 55, na kiuno ndicho kinachopanga safari.

Ndicho kilichosema Boxer basi, tafuta pikipiki ya watu wazima. Nikanunua BMW R1200GS ya mtumba. Siku ya kwanza tu fundi ananiambia injini yake inaitwa boksa! Silinda mbili zimechomoza kushoto na kulia, pistoni zinatoka pamoja na kurudi pamoja kama ngumi za bondia. Yaani nimetoka Boxer nimeingia boksa, kwa hela ya kiwanja. Mama Neema mpaka leo anauliza tofauti iko wapi.

Tofauti ni kilo. Boxer haifiki 130. Hili dude linacheza kwenye 240, na hapo hujafunga masanduku. Enzi nina nguvu za kuinua ng'ombe nilipewa mbuzi. Leo mtungi wa gesi wa kilo 15 naita mtoto wa jirani, ndipo nimekabidhiwa tembo. Afadhali Honda wana huruma, Gold Wing, lile pikipiki lao kubwa la safari, wameiwekea na gia ya kurudi nyuma. Wangemalizia tu na milango.

Na hayo masanduku! Matatu, ya aluminiamu. Nilijiona nitabeba hema na jiko la kambi. Fungua la kushoto: kipimo cha presha, vidonge vya presha, vidonge vya kulinda tumbo lisiumizwe na vidonge vya presha. La kulia: mto wa kiuno, sweta, dawa ya kuchua, miwani ya kusomea, na miwani ya kutafutia miwani ya kusomea. La nyuma ni hotipoti ya Mama Neema, chapati sita, maana "vya njiani vinakujaza gesi".

Ukishayafunga, upana unakaribia mita. Dar hii watu wananunua pikipiki wapenye foleni; mimi Kimara nimekaa nyuma ya lori la mchanga kama wenye magari, ila wenzangu wana kiyoyozi. Bajaji ikanipita. Kijana wa bodaboda naye akanipita, kabeba mama, mtoto na godoro, wala hana sanduku hata la chaki.

Chalinze nikaingia sheli. Pale nilipofunga breki pana mteremko kidogo, mguu wa kushoto ukashuka kuitafuta ardhi, ukaikosa. Halikuanguka kwa kishindo. Lilipiga magoti taratibu kama ngamia, nami nalisihi kwa jina la Mungu. Silinda na sanduku vikalizuia, mguu ukapona.

Vijana wanne wa kijiweni wakaja mbio. Watoto wamelelewa: kabla ya kugusa chuma, kwanza salamu.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba," nimeitika nikiwa chini, helmeti imeegemea pampu.

Wakahesabu moja, mbili, tatu, likasimama. Mdogo wao akalizunguka, akagonga sanduku la nyuma kwa kidole.

"Mzee, humu unauza nini? Aiskrimu?"

Nikamfungulia. Chapati zikabaki mbili.

Nikiwa natafuta jinsi ya kurusha mguu juu ya siti bila kupiga teke hotipoti, mkubwa wao akanipa namba yake ya simu. "Ukirudi Jumapili, mzee, usisimame kwanza. Nipigie, tukusubiri."

Nimeihifadhi: Winchi Chalinze. Imekaa katikati ya Winchi Bagamoyo na Winchi Kibaha.