Fundi lipu na wapangaji wasiolipa kodi

Nyumba ya mzee iko Shantytown hapa Moshi, zile za zamani zenye madirisha yaliyotokeza nje, moja kila upande wa mlango, ukikaa pale ndani unaona barabara yote. Hapo ndo makao makuu ya shangazi. Sasa lipu ya nje ilikuwa imechoka kinoma. Ya asili ni chokaa na mchanga, halafu kuna mtu zamani akaziba ziba na simenti tupu, maji yakiingia kwenye nyufa yanakosa pa kutokea, yanakaa mule mule mpaka lipu inavimba na kuachia ukuta. Ukigonga inalia kama debe tupu. Tukasema tuibandue yote kabla masika ya Machi hayajatukuta.

Fundi akaja na saidia wake, akapita na nyundo anagonga huku kaweka sikio, hapa imeshika, hapa imeachia. Kufika dirisha la kulia akanyamaza, akagonga tena, "bosi, hapa hakuna ukuta." Na kweli, hayo madirisha waliyajengea fremu ya mbao, wakapigilia wavu wa chuma, lipu ikapigwa juu ya wavu, katikati uwazi mtupu. Fundi akafurahi, kazi rahisi hiyo, tunavuta wavu unashuka wote.

Kuna kitu nimesahau kusema. Shangazi alikuwa analalamika muda mrefu kwamba friji inanguruma, na friji iko sebuleni pembeni kabisa ya hilo dirisha. Tukaita fundi friji, akafungua nyuma, akabadilisha sijui nini, akala hela yake, akasema sasa iko poa. Ikaendelea kunguruma.

Basi fundi kapanda jukwaa la mirunda, kaingiza tindo, saidia kashika wavu kwa chini, shangazi yuko ndani na kikombe cha chai anasimamia kazi kupitia kioo, "hapo kushoto baba, usinivunjie kioo." Moja, mbili, vuta! Kipande kikashuka kizima na vumbi lake, halafu vumbi likaanza kunguruma.

Aisee, nyuki! Masega yamening'inia kutoka juu mpaka chini. Saidia sijui alipita wapi, nilichoona ni ndala zake tu zimebaki kwenye mchanga zimeelekea getini. Fundi akaona kushuka ngazi ni mbali, akajitupa kwenye rundo la mchanga, akajifunika karai kichwani na kutoka nalo mbio. Mimi hapo nilishafika kwa jirani na komeo nimeshaliweka. Shangazi kioo kimemkinga, nyuki wametapakaa nje yake, na yeye anatupungia mkono turudi kazini!

Giza lilipoingia tukamleta mrina asali, akachoma majani makavu ya mgomba, nyuki wakatulia, akatoa masega ndoo ikajaa. Hapo sasa ndo ugomvi. Fundi uso umevimba, jicho moja limefunga, anadai nusu ya asali kama fidia. Shangazi akamwambia asali ilikuwa ndani ya ukuta, ukuta ni wa marehemu kaka yangu, wewe mwanangu tulikupa kazi ya lipu. Wakamalizana kwa chupa moja na hela ya Panadol. Friji nayo kimya, na yule fundi wa friji simu hapokei.

Lipu mpya ikapigwa, safari hii simenti imechanganywa na chokaa ili unyevu upate pa kutokea, tukawa tunaimwagilia asubuhi na jioni isije ikakauka haraka ikapasuka. Imetoka safi nyumba nzima, isipokuwa dirisha la kushoto. Fundi aliligonga kwa kidole, akaweka sikio, akakusanya mwiko wake na pima maji, akaaga. Lipo hivyo hivyo mpaka leo, wageni wakiuliza shangazi anawaambia ndo fasheni.