Tusiwasingizie waliohamia mjini

Mwandishi wa makala kuhusu msongamano wa jiji letu anadai Nakuru imelemewa kwa sababu watu wanamiminika kutoka vijijini, eti wangebaki mashambani mambo yangetulia. Hapo sikubaliani naye. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 570,000 mjini, hadhi ya jiji tukapewa Desemba 2021, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ameshtukizwa. Nimekaa Kiamunyi, mtaa wa pembezoni mwa Nakuru, tangu kukiwa mahindi matupu. Shamba lililopakana na langu lilikatwakatwa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, barabara ya ndani ikaachiwa upana wa mkokoteni, na kila aliyenunua akachimba shimo lake la choo, mwingine akachimba na kisima pia. Siku hizi lori la kunyonya choo likija haliwezi kuingia. Mpira unapitishwa kwenye ua wa jirani, kando ya sufuria za jikoni, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni amefumba pua. Maji ya visima vyenyewe yana floridi nyingi, madini yanayotia meno rangi, angalieni tu meno ya watoto wetu yalivyo kahawia. Hayo ya vyoo na njia finyu yaliletwa na mgeni kutoka kijijini, au na aliyepiga muhuri ramani ya kugawa shamba bila kuuliza bomba la majitaka litapita wapi? (Na wengi wetu tulishangilia bei ya ploti ilipopanda, mimi nikiwemo.) Ninyi wa mitaa ya Lanet na Free Area, kwenu bomba la majitaka limefika, ama bado mnachimba?