Kangaga la Boston Si Ua la Baridi

Katika baraza za Shangani na Mikindani huko Mtwara, na hata katika mapokezi ya nyumba za wageni mjini Lindi, mmea wa chungu wenye majani marefu yanayoning'inia pande zote umekuwa pambo la kawaida. Wauzaji wa miche huuita ua, kama wanavyoita karibu kila kinachopandwa kwenye chungu, na waliousoma mitandaoni huuita Boston. Maoni yangu ni kwamba majina yote mawili yanawapotosha wanunuzi, na kwamba tukiuita kangaga, kama Kiswahili kinavyoita jamaa nzima ya mimea hiyo, mingi ingepona.

Boston ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Marekani ambako theluji huanguka kila mwaka, na anayelisikia jina hilo hudhani kwamba amenunua mmea wa baridi, akauhamishia chumba chenye kiyoyozi ili usiungue. Asili yake haiko huko hata kidogo. Spishi yenyewe, Nephrolepis exaltata, huota porini Florida, katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, kwenye misitu ya joto na penye kinamasi. Jina la Boston lilizaliwa na biashara: mwaka 1894, katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston, ulionekana mche ambao majani yake yaliinama na kushuka, ilhali ya wenzake yalisimama wima. Ukazalishwa, ukauzwa, ukaenea duniani. Neno exaltata kwa Kilatini humaanisha kilichoinuliwa juu, kwa hiyo mmea uliopendwa kwa sababu ya kuinama ungali unabeba jina la kusimama.

Joto la pwani yetu, basi, haliudhuru. Kinachoudhuru ni ukavu. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo miezi mingi hupita udongo wa chungu ukikauka upesi kwa jua na upepo. Kiyoyozi nacho huondoa unyevu hewani, ndiyo maana majani ya mmea uliowekwa humo kwa nia njema huanza kukauka ncha, kisha hupukutika mpaka sakafu nzima ikajaa vijani. Kivuli chenye mwanga chini ya baraza, udongo unaobaki na unyevu bila kutuamisha maji, na maji yasiyo na chumvi nyingi, jambo linalotaka uangalifu kwa wanaotegemea visima vya karibu na bahari, vinautosha.

Jina la ua lina hasara ya namna nyingine. Kangaga halichanui, leo wala kesho, kwa kuwa limo katika kundi la mimea isiyo na maua wala mbegu, na nawaonea huruma wanaolirundikia mbolea wakingoja lichanue. Makangaga huzaliana kwa vumbi laini sana liitwalo spora, linalotunzwa nyuma ya jani katika vinundu vidogo vya rangi ya kahawia vilivyojipanga kwa safu karibu na ukingo. Hapo ndipo jina la kitaalamu, ambalo wengi wetu huliruka, linapokuwa na faida. Nephrolepis limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, figo na gamba, kwa sababu kila kinundu hufunikwa na kigamba chembamba chenye umbo la figo.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi ni watu wa mikorosho. Tumezoea kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa unaoacha unga mweupe kwenye maua na majani machanga, na mkono wetu ni mwepesi kushika salfa kila tunapoona unga juu ya mmea. Nimeulizwa mara nyingi ni dawa gani ipuliziwe nukta za nyuma ya jani la kangaga, na jibu langu huwa lile lile: usipulizie chochote. Nukta zinazofuatana kwa mpangilio ulio sawa kila upande wa jani ni mmea wenyewe. Wadudu hukaa ovyo, hukwanguka kwa ukucha, na mara nyingi huacha utomvu unaonata. Anayejua maana ya jina la Nephrolepis hahitaji kuelezwa zaidi. (Boston lenyewe haliendelezwi kwa spora, hugawanywa mashina, au hutengwa vichipukizi vinavyoota kwenye nyuzi zinazotambaa juu ya udongo.)

Tuwe waangalifu pia na asparagasi ya mapambo, ambayo huuzwa bega kwa bega na kangaga kama ndugu yake. Hiyo si kangaga. Ina vijiua vyeupe, matunda madogo mekundu na miiba, na aina nyingine huhifadhi maji kwenye mizizi iliyovimba, hivyo huvumilia kiu ambayo kangaga halivumilii. Matunda yake huweza kumtapisha mtoto au paka, ilhali kangaga la Boston halina sumu kwa wanyama wa nyumbani.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kangaga lake la jamaa hiyo hiyo, Nephrolepis biserrata, linaloota lenyewe penye unyevu na juu ya mashina ya michikichi. Lina majani makubwa zaidi na limezoea hewa yetu, na sioni sababu ya bustani zetu za miche kutoliuza kando ya lile la kigeni, mradi lizalishwe bustanini na lisichimbwe msituni. Yote mawili yaandikwe kangaga kwenye kibandiko cha chungu, na chini yake maneno machache: kivuli, udongo usikauke, halitoi maua, nukta za nyuma ya jani si ugonjwa.